Tusisubiri Picha ya Ubongo wa Mtoto

Mtoto aliyemeza vumbi lenye risasi akilazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, risasi yenyewe haitaonekana kwenye picha. (Nazungumzia madini, si kile kinachotoka mtutuni, Kiswahili kimevipa vyote viwili jina moja.) Mashine huonesha ubongo ulivyo: ukubwa wake, unene wa gamba lake la nje, na mpangilio wa nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Kilichoufikisha hapo hutafutwa kwingine, katika damu, katika jino la utotoni lililong'oka, au katika damu ya kitovu iliyohifadhiwa siku mtoto alipozaliwa. Naanza na jambo hili kwa sababu wengi wetu, wakiwemo wanaotunga kanuni za afya, tunaziangalia picha hizi kama picha za mwizi aliyenaswa akiiba, ilhali kinachoonekana ni nyumba baada ya wizi, na wapo wanaotaka tuisubiri picha hiyo kabla ya kuchukua hatua dhidi ya sumu kama risasi.

Utafiti ninaouheshimu kuliko mingine katika uwanja huu ni ule wa Cincinnati, Marekani, ulioandikisha watoto kati ya 1979 na 1984 katika mitaa yenye nyumba kuukuu, ambamo rangi za zamani zilikuwa na risasi, na ambao damu yao ilipimwa mara kwa mara tangu wakiwa wachanga. Mwaka 2008 Kim Cecil na wenzake walichapisha matokeo ya picha za watu 157 kati yao, ambao wakati wa kupigwa picha walikuwa na umri wa miaka 19 hadi 24. Kadiri risasi ilivyokuwa nyingi katika damu ya utotoni, ndivyo sehemu ya kijivu ya ubongo wa utu uzima, ile yenye seli nyingi za neva, ilivyokuwa pungufu, hasa eneo la mbele, nyuma ya paji la uso, linalomwezesha mtu kujizuia, kupanga mambo na kupima uamuzi wake. Kwa wanaume upungufu ulionekana zaidi kuliko kwa wanawake.

Upungufu huo ulikuwa kama asilimia 1.2 ya sehemu yote ya kijivu, na nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba hiyo ni ndogo mno kumsumbua yeyote. Sikubaliani naye. Risasi iliyo katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa takriban mwezi mmoja, na iliyobaki hujificha mifupani kwa miongo, kwa hiyo kijana wa miaka 20 akipimwa damu leo anaweza kuonekana salama kabisa ingawa alikula vumbi hilo alipokuwa akitambaa. Picha zilionesha kwamba alama ilibaki hata baada ya sumu yenyewe kuondoka katika damu, na hilo ndilo jambo ambalo kipimo cha damu hakingeweza kulisema.

Tafiti nyingine zimefuata njia hiyohiyo kwa sumu tofauti. Mwaka 2012 Virginia Rauh na wenzake walichunguza watoto 40 wa New York ambao kiuadudu kiitwacho klopirifosi kilikuwa kimepimwa katika damu yao ya kitovu, wakakuta tofauti za umbo katika gamba la ubongo wa wale waliokipata kwa wingi. Huko Rotterdam, Uholanzi, matokeo ya mwaka 2018 kutoka kwa watoto 783 wa miaka 6 hadi 10 yalihusisha hewa chafu ambayo mama aliivuta akiwa mjamzito na gamba jembamba zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo. Kilichonishtua ni kwamba karibu akina mama wote waliishi mahali ambapo chembechembe laini za hewani zilikuwa ndani ya viwango vilivyoruhusiwa na Umoja wa Ulaya.

Hata hivyo, wanaharakati wenzangu huzitwisha picha hizi mzigo usio wao. Watoto 40 ni wachache. Matokeo ni wastani wa kundi, na hakuna daktari anayeweza kutazama picha ya mtoto mmoja akasema kwa yakini kwamba hii ni kazi ya risasi. Tena mtoto anayeishi katika nyumba yenye rangi inayobambuka aghalabu hukosa mengine pia, kama lishe bora na usingizi wa kutosha, na hesabu za watafiti hujitahidi kuyatenganisha hayo bila kuyamaliza. Mwenye kiwanda akidai aoneshwe picha ya kila aliyedhurika, anajua anachokifanya.

Ushahidi uliobadilisha kanuni, kwa sehemu kubwa, haukutoka kwenye mashine. Mwaka 1979 daktari wa watoto wa Marekani, Herbert Needleman, alipima risasi katika meno ya utotoni na kuilinganisha na akili na mwenendo wa watoto darasani. Kiwango cha kuchukuliwa hatua nchini Marekani kilikuwa mikrogramu 60 kwa desilita ya damu katika miaka ya 1960. Kikashushwa hadi 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa nini basi tuongeze sharti la picha?

Tiba nayo haitupi nafasi ya kusubiri. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001 likiwa na watoto 780, dawa ya kuvuta risasi ilishusha kiwango chake katika damu, lakini watoto waliotibiwa hawakufanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko wale ambao hawakupewa. Na umri wa hatari zaidi ni ule wa mwaka mmoja hadi mitatu, mtoto anapopeleka kila kitu mdomoni, ambao pia ndio umri asioweza kutulia ndani ya mashine yenye kelele bila kulala usingizi au kupewa dawa. Ndiyo maana picha nyingi tulizonazo ni za watoto waliokwisha kuuvuka umri huo. Tone la damu kutoka kidoleni linaweza kuchukuliwa akiwa bado amepakatwa na mama yake, na rangi ya ukutani inaweza kupimwa kabla hata hajazaliwa.