Mchoro wa mtoto si eksirei

Nimetumiwa tena ile chati: mtoto akipaka nyeusi ana huzuni, akichora mtu asiye na mikono anapigwa, nyumba bila mlango anajiona amefungiwa. Aliyeitunga hajulikani, ila wanaoisambaza wana uhakika kuliko daktari yeyote.

Mtoto wa kaka yangu aliwahi kuchora nyumba isiyo na mlango. Watu wazima wakaanza kutazamana. Nikamuuliza, "Hapa wanaingilia wapi?" Akanishangaa. "Mlango si uko upande wa pili, shangazi!"

Margaret Lowenfeld, aliyefungua kliniki ya watoto London mwaka 1928, aliwawekea sinia la mchanga, maji na vijisanamu vya watu, wanyama na nyumba, wajenge dunia yao. Maelezo aliyataka kwa mtoto mwenyewe. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, naye alifumba macho, akachora mstari ovyo, akampa mtoto augeuze kuwa kitu. Kisha mtoto anachora, daktari anamalizia. Maongezi yanakuja humo humo. Chati ya majibu? Hakuna.

Tuseme mtoto kafukia kisanamu cha baba mchangani. Mtaalamu wa kutibu watoto kwa michezo na michoro, anayejua kazi yake, hashtuki, wala haulizi, "Kwa nini umemzika baba?" Atasema labda, "Naona amefunikwa kabisa," halafu anangoja. Wiki ijayo baba atafukuliwa, au ataongezewa mawe juu. Mtoto asiyeweza kulisema jambo analifanya kwa mikono, mbele ya mtu mzima asiyemkaripia wala kukimbilia kumfasiria. Tiba ni hiyo! Halafu mzazi anakuja kumchukua na kuuliza, "Saa nzima mmecheza tu?" Ndiyo, mzee. Tumecheza.

Haya, nakubali shingo upande: mchoro unaweza kuashiria jambo zito, na ukiwa na wasiwasi usikae kimya, mpeleke kwa aliyesomea. Aliyesomea, nasema, maana kumiliki boksi la kalamu za rangi si taaluma.

Kijana wa miaka 15 ndiye usimguse na kalamu za nta, atakuona unamdharau. Mwache alete wimbo anaousikiliza usiku, au mashairi yake, hata yawe ya matusi.

Na nyie mnaopiga picha michoro ambayo mtoto alichora kwa mtaalamu na kuiweka status na vimoyo vitatu: mlimwomba ruhusa mwenyewe?