Sindano ya Usiku wa Kwanza

Mwezi Aprili 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za wagonjwa wa UVIKO-19 wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023. Waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki walikuwa asilimia 8 tu, lakini waliopewa dawa hizo walifikia takribani asilimia 75, na kanda ya Afrika ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kwa kuzitumia. Kwa kuwa antibiotiki haiui kirusi, msomaji mwenye haraka atasema madaktari walikosea. Mimi nasita.

Chukua mgonjwa anayefikishwa Tabora mjini saa nane usiku kutoka Sikonge, akihema kwa shida hata sentensi moja haimalizi. Nimonia ya kirusi na ile ya bakteria hufanana kwa kikohozi, kwa homa, na mara nyingi hata kwenye picha ya kifua. Makohozi yakipelekwa kuoteshwa ili kuona kama yana bakteria, mahali penye maabara yenye uwezo huo, majibu huchukua siku mbili au tatu. Na kama nyumbani alishameza amoksilini ya duka la dawa, jambo ambalo kwetu si geni, bakteria asipoota haina maana kwamba hayupo. Isitoshe, uchunguzi wa mapafu ya waliokufa kwa mafua ya mwaka 1918 ulionyesha kwamba wengi wao walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma ya kirusi. Basi muuguzi anachanganya unga mweupe wa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, na maji ya sindano, na ndugu waliokaa kwenye benchi nje wanashusha pumzi. Simlaumu daktari wa zamu.

Hata hivyo, takwimu zilezile zinaonyesha kuwa kwa jumla dawa hizo hazikuboresha hali ya wagonjwa, na huenda ziliwadhuru wasio na bakteria. Azithromaisini, antibiotiki nyingine iliyotumika sana wakati ule, ilipimwa Uingereza kwa wagonjwa waliolazwa na haikupunguza vifo. Gharama yenyewe humwangukia mwingine, kwa kuwa dawa zikitumika kupita kiasi bakteria huwa sugu, yaani haziwaui tena: mwaka 2019, kabla ya janga, vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na seftriaksoni hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. (Kwa mgonjwa asiye mahututi na asiye na dalili za bakteria sioni hata cha kubishania, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2020 ulikataza.)

Kwa hiyo ninapopima pande zote mbili, kosa silioni usiku wa kwanza bali siku ya tatu, wakati homa imeshuka, kipimo cha damu hakielekezi kwa bakteria, na sindano bado inachomwa kwa sababu kwenye karatasi ya matibabu iliandikwa tangu mwanzo "siku 5". Aliyeandika ameshatoka zamu, na anayempokea anaona haya kufuta maandishi ya mwenzake, hasa ikiwa ni mkubwa wake, huku akijua kwamba mgonjwa akizidiwa ataulizwa yeye aliyefuta. Woga huo nauelewa, ila haulingani na ule wa saa nane usiku, kwa sababu sasa taarifa zipo. Tangu usiku ule, pale palipoandikwa "siku 5" pangeweza kuandikwa "apitiwe upya baada ya saa 48", na anayempokea asingelazimika kufuta chochote.