Daktari wa wodi: mgonjwa aliyelazwa ni wa nani?

Mwaka jana, katika wodi moja ya Kisumu, nilimuuliza muuguzi mgonjwa wetu ni wa daktari gani. Mama yangu mdogo alikuwa siku ya nne kitandani, nimonia ikiwa imemwingia juu ya sukari yake ya miaka mingi. Muuguzi, mtu mpole, akafungua faili. "Unamtaka wa usiku, wa asubuhi, ama bingwa?" Saini zilikuwa nne. Kila aliyetia saini alikuwa amemuuliza mama mdogo maswali yale yale: kikohozi kilianza lini, dawa ya sukari unameza ipi. Siku ya tatu alichoka, akawa anajibu kwa kutikisa kichwa, na mmoja akaandika kwamba hatumii dawa yoyote.

Anayezijua wodi zetu, kuanzia Nakuru hadi Kakamega, hatashangaa. Bingwa hupita raundi na msafara nyuma yake, kisha ana wagonjwa wa nje, ana upasuaji, na wengi wana kliniki zao mjini. Wanaobaki na mgonjwa ni wauguzi, matabibu na madaktari wanagenzi. Mwanagenzi naye huzungushwa: miezi kadhaa upasuaji, kadhaa watoto, kadhaa uzazi. Akishaanza kuizoea wodi, anahama.

Ndiyo maana wazo la daktari wa wodi linavutia, yaani daktari ambaye kazi yake yote ni wagonjwa waliolazwa. Marekani kada hii ilipewa jina mwaka 1996, Robert Wachter na Lee Goldman walipoandika kuihusu katika jarida la New England Journal of Medicine. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kwa daktari wa mtaani kuacha kliniki yake, akimbie hospitalini kumwona mgonjwa wake aliyelazwa, kisha arudi kwa foleni inayomsubiri.

Faida yake kubwa ni kwamba yupo. Oksijeni ikishuka saa nane mchana, hatafutwi mtu aliye ng'ambo ya mji. Vipimo vinasomwa siku vilipotoka, na aliyepona halali usiku wa ziada kwa kungoja saini. Kwa hospitali ya rufaa kama ya Jaramogi Oginga Odinga huko Kisumu (wenyeji bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti), kitanda kikiachwa siku moja mapema kuna mgonjwa wa kaunti jirani anayekihitaji. Kwenye hospitali za binafsi, siku hiyo moja ni pesa za familia. Nimewahi kuona bili yenye ada ya bingwa kwa kila siku, pamoja na siku aliyosimama miguuni pa kitanda, akauliza "tunaendeleaje?" na kuondoka.

Hata hivyo Wamarekani wenyewe wamegundua kasoro. Mwaka 2011 Yong-Fang Kuo na James Goodwin walichapisha uchunguzi wa wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya huko. Waliohudumiwa na madaktari wa wodi walitoka mapema kidogo kuliko waliohudumiwa na madaktari wao wa kawaida, na gharama yao hospitalini ilipungua kwa dola 282. Lakini katika siku 30 baada ya kutoka, gharama zao zilizidi za wenzao kwa dola 332, na walirudi hospitalini mara nyingi zaidi. Kilichookolewa ndani kililipwa nje, na chenji haikubaki.

Pingamizi la hapa kwetu ni jingine. Daktari huyo atatoka wapi? Kaunti ikimfunga wodini Kisumu, huenda imemnyima hospitali ndogo ya mashambani. Tena hata yeye atalala, na zamu itapokewa na mwingine. Mwaka 2014 utafiti katika hospitali 9 za Marekani na Kanada ulionyesha kuwa kuwafundisha madaktari walio mafunzoni kukabidhiana wagonjwa kwa utaratibu maalumu kulipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23. Hilo halihitaji kada mpya, na mimi ningeanzia hapo.

Tukishampata huyo wa wodi, hofu ya Wamarekani kwamba anamtenga mgonjwa na daktari wake wa nyumbani hapa inageuka sura. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari bingwa wa familia mwaka 2005, lakini wangapi kati yetu wana daktari wa namna hiyo? Anayemjua mama mdogo ni muuguzi wa zahanati upande wa Nyando, na anachokijua kimo kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu. Metformin, dawa yake ya sukari, imeandikwa humo ukurasa baada ya ukurasa. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba chini ya kitanda siku zote nne, na hakuna aliyeliomba. Kwangu mimi kipimo cha daktari wa wodi ni kama atalifungua daftari hilo mgonjwa akiingia, na kuandika humo akitoka.

Mama mdogo alitoka na karatasi moja. Muuguzi wa zahanati aliibandika daftarini kwa plasta, akafaulu kusoma dawa mbili kati ya nne, akanipigia simu kuhusu hizo nyingine. Nami nikapiga wodini. Daktari aliyeiandika, nikaambiwa, alikuwa ameshahamia uzazi.