Nyota tumepewa, kura je?

Kuna nyota inaitwa Mpingo. Iko kwenye kundi la nyota liitwalo Nyangumi, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Majina hayo yalipatikana mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU) ulipotimiza miaka 100 ukaialika kila nchi kuipa jina nyota moja na sayari yake. Wakenya nao wana Kalausi na Buruburu. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote, kisha nikataka kujua Mpingo inaonekana wapi usiku. Haionekani. Ni hafifu mno. Bila darubini ya maana utakodolea giza mpaka shingo iume.

Zawadi ni zawadi, siidharau. Ila IAU ni chama cha wanasayansi kilichowahi kukaa kitako kujiuliza kina kazi gani duniani zaidi ya kusoma nyota, kwa hiyo kinastahili kupimwa kwa jibu kilichojipa.

Watu wengi wanakijua kwa jambo moja tu: ndicho kilichoivua Pluto hadhi ya usayari. Ilikuwa Prague, tarehe 24 Agosti 2006, siku ya mwisho ya mkutano mkuu, kwa kuinua kadi ukumbini. Waliopiga kura walikuwa 424, katika chama chenye maelfu ya wanachama. Pluto yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba aliyeamua ni yule aliyemudu nauli na hoteli mpaka siku ya mwisho. Angalau walijirekebisha: mwaka 2018, walipotaka kuliingiza jina la mwanasayansi Lemaître kwenye kanuni ya Hubble, ile inayoeleza jinsi ulimwengu unavyotanuka, kura zilipigwa kwa mtandao na wanachama zaidi ya 4,000 walishiriki.

Jibu walilojipa ni mpango mkubwa uliopitishwa Rio de Janeiro mwaka 2009: kuitumia astronomia kuinua elimu na ujuzi katika nchi zinazoendelea. Wangeweza kuiendesha kazi hiyo kutoka Paris, yaliko makao yao. Badala yake, mwaka 2011 walifungua ofisi Cape Town, kwa kushirikiana na Afrika Kusini, na baadaye zikaja ofisi za kanda. Ya Afrika Mashariki iko Addis Ababa. Kila mwaka watu huomba ruzuku ndogo ndogo kwa ajili ya miradi, na mpaka sasa iliyosaidiwa ni zaidi ya 200. Kwangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote waliyoyafanya, kwa sababu anayeisoma barua ya maombi anajua umeme ukikatika darasani inakuwaje.

Ruzuku lakini zina mtego wake, hasa zikigeuka vifaa. Nimewahi kuona darubini ya msaada kwenye stoo ya maabara ya shule: bomba jeupe limelala ndani ya boksi lake, lenzi ya kuchungulia haijulikani iliko, na ile miguu yake mitatu wameifanya ya kutundikia makoti. Hakuna aliyeiba. Mwalimu aliyejua kuitumia alihamishwa, basi.

Ndiyo maana naona fedha bora ni zile zinazomfuata mtu. Afrika Kusini ina MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 katika nyika ya Karoo, na inashirikiana na nchi nane za Afrika kujiandaa kwa darubini ya redio kubwa zaidi, SKA. Kenya imo, Msumbiji imo, Zambia imo. Sisi hatumo, tumezungukwa tu. Vijana wa nchi hizo wamefundishwa kuchambua data za mawimbi ya redio, na kijana mwenye ujuzi huo hakosi kazi hata kama hataiona nyota tena maishani: benki zinamtaka, kampuni za simu zinamtaka.

Agosti 2024 mkutano mkuu wa IAU ulifanyika Cape Town, wa kwanza Afrika tangu chama kianzishwe mwaka 1919. Ulirushwa bure mtandaoni, nao ulistahili kusifiwa. Ila tuangalie kanuni pia. Masuala ya bajeti huamuliwa na nchi wanachama, na nchi iliyo kwenye daraja la ada kubwa huwa na kura nyingi zaidi. Isiyo mwanachama haina kura kabisa, hata kama ina nyota yake. Mpango wa sasa unaishia 2030 na mkutano ujao ni Roma mwaka 2027, kwa hiyo huu ndio wakati wa kubana: ada za nchi maskini zipunguzwe mpaka zilipike, na kwenye bajeti kila nchi iwe na kura moja.

Lakini Tanzania kukosa kura, nusu ya deni hilo ni letu. Ada ya daraja la chini hailingani hata na gharama za semina moja ya siku tatu hotelini, yenye mabegi na fulana. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wanaweza kulibeba jambo hili la uanachama wakitaka, na vyuo vikuu vyetu vyenye idara za fizikia vinaweza kuwaandikia barua hata wiki hii.