Sigara Lamu: tuanze na mashua na jikoni

Kenya haikosi sheria ya sigara. Mwaka 2004 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, na tangu Julai 2008 kuvuta sigara mahali pa umma au pa kazi ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ofisi, viwanda, hospitali, shule, nyumba za ibada, mikahawa, hoteli, baa, masoko na vyombo vya abiria vimo ndani, boti zikiwamo. Mwenye jengo anayetaka kuwafikiria wavutaji anaweza kuwatengea sehemu yao, mradi moshi wake usiwafikie wengine.

Ukiisoma sheria hii ukiwa Lamu, unaona aliyeiandika alikuwa akilifikiria jengo la mji mkubwa, lenye korido, milango na meneja. Huku kazi nyingi hufanyika penye nusu ya ukuta, au pasipo ukuta kabisa. Mkahawa wa ufukweni Shela ni paa la makuti juu ya nguzo. Karakana ya fundi wa nakshi ni chumba cha mbele, mlango wazi kuelekea njiani. Kwa hiyo wanaoipinga marufuku wana neno lao la haraka: hapa ni nje bwana, upepo unachukua.

Upepo unachukua, sawa, lakini unapeleka kwa nani? Tazama mashua ya abiria inayovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja mjini. Watu wamekaa goti kwa goti, majaketi ya kuokolea kifuani, magunia na masanduku katikati, dumu la petroli nyuma karibu na injini. Mmoja aliyekaa mbele anawasha sigara. Chombo kinakwenda, kwa hiyo moshi haupandi juu. Unarudi nyuma, unapita kwa mama aliyempakata mtoto na kuishia usoni mwa nahodha. Abiria watavumilia dakika chache, wakifika gatini yamekwisha. Nahodha na kijana wake wanavuka na kurudi kutwa nzima. Na tukisahau mapafu kabisa, moto na petroli ndani ya chombo kimoja kilichojaa watu ni jambo ambalo hata mvutaji mwenyewe hana la kulitetea.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wetu unakosea njia. Tumezoea kuueleza kama ugomvi wa mvutaji na asiyevuta, kila mmoja akidai haki yake, kisha tunaanza kupima haki ya nani ni kubwa. Katikati yao yupo aliyeajiriwa, na huyo haulizwi. Mteja akichukia moshi atahama meza. Mhudumu hahami, maana meza hiyo ndiyo riziki yake. Kwangu mimi marufuku hii ina uzito kwa sababu ya huyo kuliko kwa sababu ya mtu yeyote mwingine.

Na si suala la kuudhika tu kwa harufu. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wenzao. Ireland ilipokuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, Machi 2004, watafiti walipima mate ya wahudumu wa baa kabla na baada, wakitafuta kotinini, kemikali ambayo nikotini huiacha mwilini. Ilishuka kwa asilimia 80. Watu walikuwa wale wale, kazi ile ile. Kilichoondoka ni moshi wa wateja.

Upande wa pili nao una hoja ambazo haifai kuzipuuza. Uhuru kwanza: tumbaku ni bidhaa halali, serikali inakula ushuru wake, na anayevuta ni mtu mzima. Naikubali hoja hii kikamilifu pale mtu anapokuwa peke yake na pumzi zake. Lakini kampuni zinazouza sigara hazitetei uhuru wa mvutaji tu. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni za tumbaku za 2014 mahakama baada ya mahakama, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya nyumbani. Nyumba za mji wa kale wa Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba virefu vyembamba, madirisha machache. Moshi ukiingia humo hautoki upesi. Mtu akikatazwa mkahawani na kazini, si atakwenda kuvutia ndani, juu ya vichwa vya mkewe na wanawe? Hofu hiyo hiyo ilitolewa Uskoti kabla ya marufuku yao ya Machi 2006. Walipowapima watoto wa shule za msingi, kotinini ilikuwa imepungua kwa asilimia 39, wala haukuonekana uvutaji kuhamia majumbani. Lamu si Uskoti, na nyumba zetu si zao. Hata hivyo, kilichotokea huko kinaeleweka hata huku: mtu akishazoea kutoka nje kwa ajili ya wenzake wa kazini, ni vigumu kwake kukaa kitako akavuta mbele ya mtoto wake mchanga.

Kuna na hoja ya kuni, ambayo wapishi wenyewe huitoa. Mpishi anainamia jiko la mkaa au kuni tangu alfajiri, macho mekundu, halafu anaambiwa adui yake ni sigara ya mtu? Wana haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa mapishi majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, idadi inayozidi mbali vifo vya moshi wa sigara za wengine. Jiko la hoteli lisilo na tundu la kutolea moshi ni aibu inayostahili kelele kama tunazozipiga kwa sigara. Ila mapafu ya mpishi ni yale yale mawili. Moshi wa kwanza hauupunguzi wa pili, unauongezea kazi. Anayeitumia hoja ya kuni ili tusiguse sigara ananitia shaka, kwa sababu kwa kawaida hasemi neno juu ya jiko lenyewe.

Hofu ya kufukuza watalii sioni kama ina mashiko. Waitaliano, ambao Malindi imewazoea miaka mingi, wana marufuku kwao tangu Januari 2005. Wageni hao wanatoka nje ya mkahawa kwao, watatoka na hapa.

Panapobaki ugumu wa kweli ni kwa askari, na hapa nasimama na wapinzani. Faini ya shilingi 50,000 mkononi mwa askari mwenye njaa ni mtego. Atakayenaswa ni mvuvi au kibarua wa kupakua mawe, si mgeni aliyekaa kwenye roshani ya hoteli. Marufuku ikitekelezwa kwa kuwavizia watu vichochoroni itageuka kodi ya maskini, na mtu wa Lamu ataichukia kwa haki. Mzigo na umwangukie mwenye mahali: mwenye mkahawa, mwenye karakana, mwenye chombo. Ndiye anayefaidika na kazi, na ndiye ambaye sheria inamtaka aweke tangazo la katazo.

Na duka la mtaani tusilisahau. Sheria inakataza kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya 10, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Nenda mtaa wa Langoni uone: pakiti iliyofunguliwa juu ya kaunta, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi, na kijana mwanafunzi wa ufundi, nguo zimejaa vumbi la mbao, ametumwa na fundi wake kuchukua moja. Anairudisha karakanani, inavutwa hapo hapo juu ya kichwa chake huku akipiga msasa. Makosa yamefuatana, na hakuna hata mmoja kati yao anayehisi amevunja sheria.

Wapo wanaosema mji huu hauwezi kubadilika. Kila Ramadhani mchana mji mzima unakaa bila moshi, na wavutaji wakubwa wanasubiri adhana ya magharibi. Ni kweli hiyo ni ibada, na haiwezi kuagizwa na kaunti. Lakini inaonyesha kuwa saa nane za kazi bila sigara zinawezekana.

Baraza la nje ya nyumba ningeliacha. Mzee aliyekaa nje ya nyumba yake na kikombe cha kahawa hamwajiri mtu, na asiyependa moshi wake huaga akainuka. Akija mtoto au mjamzito, adabu ya hapa inatosha kumfanya aizime.

Mashua haihitaji kusubiri chochote: wenye vyombo wa Mokowe wakubaliane, bango liwekwe kwenye magati yote mawili, na nahodha aseme kabla ya kuondoka. Jikoni na karakanani ni kugumu zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, lakini kibarua wa msimu asiye na mkataba akilalamika leo, kesho nafasi yake ana mwingine. Kaunti iseme waziwazi huyo apeleke malalamiko wapi, kwa nani, na jina lake litafichwaje.