Soma Kiunzi Kabla ya Kujenga Juu Yake

Vijana wengi wanaojifunza kuunda programu za wavuti hapa Nairobi wanaijua amri ya kuanzisha mradi, ila hawajui amri hiyo imewazalishia nini. Mstari mmoja kwenye terminali, folda inajaa faili za mwanzo (hizo ndizo kiunzi), ukurasa unafunguka kwenye kivinjari, na kazi ya kupaka vitufe rangi inaanza papo hapo.

Mimi naziunga mkono zana hizi. Ruby on Rails, zana ya kujengea programu za wavuti, ilipotoka mwaka 2004 ilituonyesha kwamba si lazima mtu aandike kwa mkono, kila mara, fomu ile ile ya kuongeza, kusahihisha na kufuta rekodi. Ninachokipinga ni kupokea kiunzi bila kukisoma.

Chukua Django, zana ya aina hiyo kwa lugha ya Python. Faili ya settings.py inayozaliwa na startproject, amri yake ya kuanzisha mradi, inakuja na saa za UTC (saa za kimataifa), Kiingereza cha Marekani, hifadhidata ya SQLite, na DEBUG (hali ya kumwonyesha msanidi undani wa makosa) ikiwa imewashwa. Wala si kosa, kwa sababu zana ya dunia nzima lazima ianzie mahali fulani. Lakini sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Mteja akilipa kwa M-Pesa saa nane usiku kuamkia tarehe 1, ripoti inayohesabu siku kwa UTC itayaweka malipo hayo kwenye mwezi uliokwisha. (Kuhifadhi muda kwa UTC ni sawa kabisa, taabu inakuja unapofunga hesabu za siku kwa saa hizo.) Mwenye duka analinganisha na taarifa yake ya M-Pesa, hesabu zinakataa, na mtu anapoteza siku nzima akitafuta shilingi ambazo hazikupotea. Nayo DEBUG ikisahaulika, hitilafu ndogo tu inamwonyesha mgeni yeyote sehemu ya msimbo wako na njia za faili zako.

Upande wa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, zana ya kuanzishia mradi iitwayo Create React App ilitoka mwaka 2016 na wengi wetu tukaingilia mlango huo. Februari 2025 timu ya React ikatangaza kwamba isitumike tena kuanzishia programu mpya. Aliyekuwa anajua kwamba nyuma ya react-scripts, kifurushi kinachoiendesha, kuna webpack (inayounganisha faili) na Babel (inayotafsiri msimbo kwa ajili ya vivinjari) anahamia Vite, zana nyingine ya kazi hiyo, akielewa anachokibadilisha. Asiyejua anabahatisha.

Ndiyo maana naamini kila timu ya Nairobi inapaswa kuwa na kiunzi chake. Si kazi kubwa: startproject inakubali kiolezo chako mwenyewe, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, inaruhusu hazina (folda ya mradi) kutumika kama kiolezo. Weka saa za Africa/Nairobi humo. Weka msimbo unaogeuza namba za simu zinazoanza na 07, 01 au +254 kuwa za umbo moja. Nywila na funguo za Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) zikae nje ya Git, zana inayotunza historia ya msimbo, tangu siku ya kwanza. Zaidi ya yote, andika vizuri sehemu inayopokea jibu la STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja), ili taarifa ya muamala mmoja ikifika mara mbili isiandikwe kama malipo mawili. Sehemu hiyo naiona ikiandikwa upya, haraka haraka, karibu katika kila mradi, na hapo ndipo pesa za watu zinapopita.

Tena tusivifungie viunzi hivyo ofisini. Tuviweke wazi, vikiwa na maelezo ya Kiswahili kando ya kila mpangilio, mwanafunzi anayeanza mradi wake wa kwanza ajue kwa nini kila faili ipo.