Barua ya kazi iliandikwa lini na mwombaji mwenyewe?

Juzi kwenye kikao cha harusi Sinza, Dar es Salaam, tukisubiri mweka hazina amalize kusoma ahadi zisizolipwa, bwana mmoja wa rasilimali watu akaamua kutuchekesha. Eti barua ya maombi ikinuka akili mnemba hafiki aya ya pili, anaitupa. "Vijana wavivu sana siku hizi." Watu wakacheka. Mimi nilipaliwa na soda.

Uvivu! Hivi barua ya kazi katika mji huu iliandikwa lini na mwombaji mwenyewe? Tuliozunguka na bahasha za kaki tunajua. Unaingia steshenari, Mwenge au Kariakoo, unampa dada wa kompyuta jina na sanduku la posta, anafungua faili la mtu wa jana, anafuta jina lake, anaweka lako. Tayari wewe ni mchapakazi, unamudu kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana. Wa jana naye alikuwa hivyo hivyo. Jamaa yangu mmoja aliomba uhasibu kwa barua iliyobakiwa na sentensi ya muuguzi, anapenda kuhudumia wagonjwa. Akaitwa kwenye usaili! Leo programu ya akili mnemba ya ChatGPT, iliyotoka mwishoni mwa 2022, inafanya kazi ya yule dada kwenye simu, ndipo maofisa wamekumbuka maadili.

Linaloniuma hasa ni Kiingereza. Mtoto kasoma shule ya msingi ya serikali miaka saba kwa Kiswahili, kafika kidato cha kwanza kakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, kakariri, kafaulu, kapata shahada yake. Sasa anaomba kazi ya ofisa mikopo, ashinde juani Tandika na Mbagala akiwabembeleza mama lishe walete marejesho. Kwa lugha gani? Mama lishe gani wa Tandika anadaiwa kwa Kiingereza? Ila barua, lazima Kiingereza, tena kile cha kuvaa tai. Na ofisi hiyo hiyo ikifika tarehe 7 Julai itabandika bango la kututakia heri ya Siku ya Kiswahili Duniani.

Aliyesomeshwa kwa ada za mamilioni ataandika mwenyewe, au baba atampigia simu rafiki yake na barua haitahitajika kabisa. Huyu wa Mbagala hana mjomba wa kumsahihishia. Ana simu na bando la usiku. Anaieleza mashine kwa Kiswahili chake alichosoma na alichowahi kufanya, inampa ukurasa usiomtia aibu. Kamdanganya nani? Kazi anaiweza. Kilichomshinda ni mlango.

Halafu wanataka barua itoke moyoni, wakati tangazo lao linaisha kwa "watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa". Mtu anasubiri miezi, hata mstari mmoja wa kumkataa hapati.

Haya, shingo upande nakubali: mashine inapamba. Kijana wa jirani yangu alienda fildi manispaa, kazi kubwa ikiwa kupanga mafaili, ikamwandikia kwamba aliongoza timu na kuleta mageuzi. Nikamuuliza, mdogo wangu, wakikubana mageuzi gani utawajibu nini? Akafuta huku anacheka. Na ndiyo, barua za mashine zinafanana, ukizisoma nyingi unasinzia. Za steshenari je? Jambo moja tu, msiipe mashine namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, jamani.

Mnaotaka kweli kujua mtu anafikirije, acheni kunusa barua. Waiteni watu, wapeni kalamu na karatasi: mteja ana mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, na leo kajificha chooni asikuone, andika utamwambia nini akitoka. Kwa Kiswahili. Nusu saa inatosha. Ila hapo itabidi na msahihishaji awe anakijua.